Kuku Pembeni mwa Skrini

Jioni ya mechi kubwa, banda la video la Punia, jimboni Maniema, mashariki mwa Kongo ya Kidemokrasia, lina hesabu tatu, na hazijawahi kulingana. Ya kwanza iko mlangoni, ambako mwenye banda anahesabu franka. Ya pili iko ndani, kwenye mabenchi: waliolipa, watoto waliopakatwa, na shemeji wa kijana wa jenereta, ambaye huingia bure kwa sababu hakuna anayetaka kumuudhi mtu wa jenereta. Ya tatu iko nje. Wapo vijana waliobandika jicho kwenye matundu ya mabanzi, wapo wenye baiskeli waliosimama mguu mmoja chini wakisubiri kona ipigwe, na yupo mama wa mandazi aliyeipa skrini mgongo tangu dakika ya kwanza, lakini anajua goli limeingia, na limeingia upande gani, kwa mngurumo tu. Ukiulizwa watazamaji walikuwa wangapi, itabidi kwanza useme ulikuwa umesimama wapi.

Kwingineko duniani swali hilo limekuwa fani kamili, yenye vifaa vyake, wataalamu wake na wateja wake. Skrini zimejaa kwenye vituo vya treni, viwanja vya ndege na maduka makubwa, na kila moja ina mtu aliyeilipia. Mtu huyo anataka kujua kama fedha yake imezaa: wangapi walipita, wangapi waligeuza shingo, wangapi walisimama, na kwa sekunde ngapi. Nataka kuipitia fani hiyo nikiwa nimekaa kwenye benchi la Maniema, maana kutoka hapo linaonekana jambo ambalo ukiwa Berlin au London ni rahisi likupite.

Tuanze na walichokipata wataalamu wake, kwa kuwa si kidogo. Mwaka 2003 Harry Brignull na Yvonne Rogers walichapisha uchunguzi wa skrini kubwa iliyowekwa kwenye hafla nchini Uingereza, ikiwaalika wageni kuandika maoni yao yaonekane na wote. Wageni hawakuvutwa sana na skrini yenyewe. Walivutwa na wenzao waliokwisha kusimama mbele yake. Wachunguzi wakakifananisha kitu hicho na chungu cha asali: akisimama mmoja, wa pili anasogea kuona mwenzake anaona nini, na wa tatu anafuata. Waliona pia kwamba kikwazo kikubwa cha kuigusa skrini kilikuwa aibu, ile ya kukosea mbele za watu.

Mwaka 2008 Elaine Huang na wenzake walizunguka miji ya Ulaya wakitazama watu wanavyotazama. Walikuta wengi hawatazami kabisa, na anayetazama humaliza kwa sekunde moja au mbili. Skrini iliyotundikwa juu ilisahaulika kuliko iliyo usawa wa macho. Mwaka uliofuata Jörg Müller na wenzake, Ujerumani, walitoa sababu: mtu akishazoea kwamba skrini maana yake ni tangazo, macho yake hujifunza kuiruka. Upofu wa skrini, wakauita. Müller huyohuyo, katika kazi ya mwaka 2012 iliyofanywa kwenye madirisha ya maduka mjini Berlin, alikuta kichekesho kimoja. Skrini ilikuwa inaonyesha kivuli cha mpita njia kikitembea pamoja naye, lakini hadi mtu atambue kuwa kile kivuli ni chake, miguu imeshampitisha. Basi anasimama, anarudi kinyumenyume, anapunga mkono kuhakikisha.

Halafu mwaka 2015 Nicholas Dalton na wenzake wakaja na miwani inayofuata mboni za macho, wakawavisha watu ndani ya jumba la maduka. Kumbe macho yalikuwa yanaigusa skrini mara nyingi tu, isipokuwa kwa chembe ya sekunde, haraka kuliko mtafiti mwenye daftari anavyoweza kuona. Kwa daftari watu ni vipofu. Kwa miwani wanaona. Kilichobadilika ni kifaa, na ukweli ukabadilika nacho.

Sasa rudi Punia. Eneo hili liko kaskazini mwa Maniema, ndani ya msitu, upande wa mto Lowa. Limeishi kwa kasiterite, madini ya bati, tangu enzi za makampuni ya Kibelgiji, kisha kampuni ya SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, na baada ya hapo wachimbaji wadogo wenye sururu na beleshi. Skrini hapa inaishi kwa jenereta na kwa jua. Mazuti ikiisha, imekufa. Hakuna anayekutana nayo kwa bahati mbaya akienda zake. Aliyefika mbele yake ameifuata, pengine ametembea, pengine amelipa. Dhana ya upofu wa skrini haina pa kushika. Mtu aliyekosa kuona kitu kwa wiki nzima hakitazami kwa chembe ya sekunde. Atakitazama kwa dakika tisini, na za nyongeza, na atabaki hata mchambuzi wa Kifaransa anapoanza kuchora mistari uwanjani.

Lakini ukimleta hapa mwenye miwani ile, atakuletea taarifa ya ajabu. Atakwambia kwamba wakati wa penalti, dakika yenye uzito kuliko zote, nusu ya banda haikutazama skrini. Mmoja ameinamia sakafu, mwingine ameficha uso kwenye bega la jirani, mwingine ametoka nje kabisa na anawauliza wenzake kwa kelele. Kwenye jedwali lake hawa ni watu waliopoteza hamu.

Chukua na tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, Kongo na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wa Kongo walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye panja, kama bastola, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki mwa nchi. Mpira ulikuwa haujaanza. Hakuna kilichotembea kwenye skrini. Kipimo cha macho na sekunde kingeandika muda mtupu kabla ya mechi, na Kongo ilifungwa 1–0. Bado, ukimuuliza Mkongomani leo kuhusu jioni ile, wengi wataanza na vidole kabla ya goli.

Watu wa upande wetu walianza kupimwa mbele ya skrini zamani, kabla hata skrini haijawa ya kidijitali. Mwaka 1935, Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari na kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Waliouendesha walikuwa Leslie Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba Kenya, na G. C. Latham, aliyetoka idara ya elimu ya Rhodesia ya Kaskazini. Hadi mwaka 1937 walitengeneza filamu kama 35, karibu nusu yake za kilimo, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Jioni lori linasimama, kitambaa kinafungwa, watu wanakusanyika kwa maelfu, na mradi unachukua kumbukumbu: walicheka wapi, walinyamaza wapi, walielewa nini.

Kipimo kile kilikuwa na mwelekeo kabla hakijaanza kupima. Waliokuwa wanalipa walitaka kujua kama Mwafrika anaweza kufundishwa kilimo na afya kwa filamu, na kama filamu za Hollywood zitamharibia heshima ya Mzungu. Kwa hiyo kicheko mahali pasipotarajiwa kiliandikwa kuwa ni kutoelewa. Hawakujisumbua kufikiri kwamba labda jambo lenyewe lilikuwa linachekesha. Baadaye kikaja Kitengo cha Filamu cha Makoloni cha Uingereza, mwaka 1939, na kanuni ya William Sellers wa kitengo hicho: filamu ya Mwafrika iende polepole, isiwe na ujanja wa kamera, picha iwe na kitu kimoja. Kanuni hiyo ilitolewa kama matokeo ya kutazama watazamaji.

Kisa maarufu kuliko vyote cha aina hii ni cha kuku. Alikisimulia mtafiti John Wilson, na mwanafikra wa mawasiliano Marshall McLuhan akakitangaza dunia nzima katika kitabu cha 1962, The Gutenberg Galaxy. Mkaguzi wa afya alipiga filamu fupi, ya polepole, jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Wanakijiji wakaonyeshwa, kisha wakaulizwa: mmeona nini? Kuku, wakasema. Waliotengeneza filamu hawakujua kuwa ina kuku. Wakairudia picha kwa picha, wakamkuta kweli: alipita kwenye kona ya chini kwa muda wa sekunde moja hivi, akatoweka. Walipohojiwa zaidi watazamaji walisema wamemwona na mtu pia, ila kuku ndiye aliyetajwa kwanza.

Wilson na McLuhan walijenga juu ya kisa hicho nadharia nzima kuhusu akili ya asiyesoma: kwamba haioni picha kwa ujumla, inaikagua kipande kwa kipande. Mimi naona ushahidi wa kitu kingine. Watazamaji walikuwa wakali wa macho kuliko waliotengeneza filamu na kuikata kwa mikono yao. Katika dakika kadhaa za mtu anayefanya kazi ambayo kila mmoja wao anaifahamu, kwa mwendo wa kinyonga, kuku aliyeshtuka ndiye habari pekee. Ukimwonyesha mtu wa Punia filamu ya mtu anayechota maji, halafu umuulize ameona nini, atakutazama wewe kwanza, ajue unataka nini.

Tena kuna sikio. Wapimaji wa skrini wanapima macho, ilhali kwenye mabanda ya Afrika Mashariki skrini husikilizwa. Kampala wana VJ Jingo na wenzake, Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu: watu waliochukua filamu ya Hong Kong au ya India wakaitafsiri, wakaipamba, wakawapa wahusika majina mapya na matusi ya mtaani. Mtazamaji anaweza kufumba macho na kucheka. Tena anaweza kurudi kesho kwa filamu ileile akiwa amemfuata mwenye sauti, na muigizaji ni kisingizio. Kamera iliyo juu ya skrini haimwoni mwenye sauti.

Kisha ikaja skrini ambayo kila mtu mzima wa Punia alitakiwa kuigusa kwa kidole chake. Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilipiga kura kwa mashine zilizotengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini, zaidi ya 100,000 nchi nzima. Tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa na hoja yake: mwaka 2011 karatasi ya kura katika baadhi ya majimbo ya uchaguzi ya Kinshasa ilikuwa nene kama gazeti, na sasa wagombea wa bunge la taifa peke yao walizidi 15,000. Wapinzani nao walikuwa na yao, na walihitaji herufi moja tu ya Kifaransa: machine à voter ikawa machine à voler, mashine ya kupigia kura ikawa mashine ya kuibia. Siku ya 13 Desemba ghala la CENI mjini Kinshasa likaungua na mashine kama 8,000, na uchaguzi uliokuwa ufanyike tarehe 23 ukasogezwa kwa wiki moja.

Kazi ya mashine ni rahisi kuieleza. Unapewa karatasi, unaiingiza, unamgusa mgombea wako kwa picha au kwa namba, mashine inaichapa, unaikunja, unaitumbukiza sandukuni. Kura ilikuwa ya mara tatu: rais, bunge la taifa, bunge la jimbo. Vituo vilitakiwa kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, yaani dakika 660. Tuseme kituo kina wapigakura 600 na mashine moja. Kila mtu ana sekunde 66, na kila uchaguzi sekunde 22, hapo hatujahesabu kumtafuta mtu kwenye orodha wala kuchovya kidole wino. Sasa mweke mbele yake bibi ambaye hajawahi kugusa skrini, ambaye vidole vyake vimezoea jembe na mchi. Anagusa kama anayegusa sufuria kujua ni ya moto. Hakuna kinachotokea. Anatazama nyuma.

Hapo ndipo kipimo chochote cha maana kingeanza, kwa sababu mtu anasogea. Karani, jirani, mjukuu. “Finya hapa, mama.” Na kidole kinachofinya, mara nyingine, ni cha yule aliyesogea. Sheria inamruhusu asiyeweza kupiga kura peke yake asaidiwe na mtu anayemchagua mwenyewe. Lakini kumchagua msaidizi ni jambo moja, na kujikuta una msaidizi ni jingine.

Linganisha na chungu cha asali. Katika hafla ya Uingereza, mtu wa pili akisogea na kumwonyesha wa kwanza jinsi ya kugusa, mtafiti anafurahi: skrini imefaulu, watu wanafundishana. Kwenye kibanda cha kura, mwendo uleule, umbali uleule, mkono uleule juu ya kioo, ni siri iliyovunjika. Mashine ya kuhesabu ingetoa namba moja kwa matukio hayo mawili: watu wawili mbele ya skrini, mguso mmoja, sekunde kumi na mbili. Ndiyo maana sina imani na namba ya skrini isiyoambatana na mtu aliyekuwepo na anayejua desturi ya pale. Mjukuu anayemshikia bibi kidole yuko katika mapenzi, au katika wizi, au katika vyote viwili, na kioo hakijui.

Wahesabuji hawakukosekana. Kanisa Katoliki, kupitia baraza lake la maaskofu, CENCO, lilisambaza waangalizi kama 40,000. Mashine iliyokwama na kituo kilichochelewa kufunguliwa huandikika kwenye fomu. Kigumu kuandika ni kidole kilikuwa cha nani: mwangalizi akisogea aone, naye ameshaingia kwenye siri. Tarehe 10 Januari 2019 maaskofu walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na takwimu zao, na ugomvi ukahamia kwenye majumlisho, mbali na skrini. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 skrini ikarudi kwa njia nyingine. Tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, na miongoni mwa makosa iliyoyataja ni kukutwa na mashine za kura kinyume cha sheria. Skrini ya hadhara ilikuwa imepata sebule.

Watu wa Maniema wana uzoefu wa pekee na vitu vinavyohesabiwa kwa ajili ya wengine. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank yenye kifungu cha madini ya migogoro. Septemba Kabila, rais wa Kongo wakati huo, akasimamisha uchimbaji Maniema na Kivu zote mbili hadi Machi 2011. Baada ya hapo zikaja lebo za mpango wa iTSCi kwenye magunia ya kasiterite. Lebo inasema gunia limetoka shimo gani na lina kilo ngapi. Mnunuzi wa ng'ambo anaisoma na kulala usingizi. Mchimbaji anajua kwamba lebo hutoka mkononi mwa mtu, na kwamba mtu huyo ana njaa kama watu wengine. Namba ya watazamaji inayouzwa kwa mtangazaji haina tofauti kubwa na lebo hiyo. Imetengenezwa ili mtu wa mbali alale.

Na mtu wa mbali siku hizi anataka sura. Kampuni ya Quividi ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 2006, imejenga biashara ya kamera zinazokadiria umri, jinsia na muda wa anayetazama skrini. Mwaka 2018, katika metro ya São Paulo, milango ya kwenye majukwaa ya kupandia treni iliwekewa skrini za matangazo zenye kamera ya kusoma hisia za abiria, hadi mahakama ikaamuru zizimwe. Mwaka 2020 wasimamizi wa faragha wa Kanada walikuta kampuni ya Cadillac Fairview imekusanya sura milioni 5 ndani ya maduka makubwa 12 bila ridhaa ya wenye sura. Huku kwetu sheria zimeanza kuandikwa: Kenya na Uganda mwaka 2019, Tanzania 2022, na Kongo ina Kanuni ya Kidijitali ya Machi 2023 yenye sehemu ya data binafsi. Sheria ni nzuri, ila kosa ninalolizungumzia halitibiwi na ridhaa. Hata ukiniomba ruhusa kwa magoti, kamera yako bado itaandika kwamba aliyeinamia sakafu wakati wa penalti hana hamu.

Mtu aliyenifurahisha katika fani hii hakupima skrini hata moja. William Whyte, New York, miaka ya 1970, alielekeza kamera kwenye viwanja vidogo vya mji, halafu akashuka na wanafunzi wake, wakakaa, wakahesabu nani amekaa wapi na kando ya nani. Kitabu chake cha 1980 kina hitimisho ambalo mama wa mandazi angelicheka: kinachowavuta watu zaidi ni watu wengine. Alilipata kwa kukaa.

Nikipewa kazi ya kupima skrini za Punia ningenunua daftari, kalamu na tikiti. Ningeandika nani amekuja na nani. Nani anamweleza nani, na kwa lugha gani, maana Kifaransa cha mtangazaji kinageuka Kiswahili kikifika benchi la pili na Kikumu kikifika la nne. Jenereta ikizimika, nani anaondoka na nani anabaki gizani akibishana. Ningekwenda sokoni kesho yake nisikilize bila kuuliza, kwa sababu kuku anatajwa na mtu asiyeulizwa. Kwenye kura ningehesabu mikono badala ya macho, na ningewahoji mabibi nyumbani kwao, jioni, mjukuu akiwa ametumwa maji.

Mwenye banda anafanya utafiti wake pia, na hauna hata ukurasa mmoja. Kabla ya mechi huzunguka ukuta kwa nje akiwa na maboksi ya sabuni aliyoyachana, anaziba matundu. Anajua tundu lipi ni la mkubwa anayeweza kulipa na lipi, lililo chini, ni la mtoto asiye na kitu. Yale ya juu anayaziba kwa misumari. Ya chini anayasukumizia kipande cha boksi kwa kidole gumba tu, na kufikia kipindi cha pili vipande vyote vya chini viko ardhini.